Jino la kupandikiza halitoboki, ufizi ndio unaoliangusha

Nilipowekewa jino la kupandikiza, yaani skrubu ya madini ya titani iliyofungwa kwenye mfupa wa taya na kuvikwa kofia ya jino juu yake, nilijiambia nimemalizana na habari za meno. Titani haitoboki, haina mshipa wa kuuma, basi kuna nini tena cha kuhangaikia? Mwaka mmoja na nusu baadaye, nikipiga mswaki, nikatema povu na kuona ndani yake mstari mwembamba wa damu. Nikanunua mswaki laini zaidi, kisha nikafanya kosa lenyewe: nikaanza kulikwepa lile jino eti ufizi upumzike. Damu ikazidi.

Daktari wa meno aliingiza kijiti chembamba chenye alama za milimita kati ya ufizi na jino, akazunguka nacho taratibu huku akitaja namba, yaani kina cha mwanya ule kwa milimita, na kinavyozidi ndivyo hali ilivyo mbaya: tatu, tatu, nne, tano. Sikusikia maumivu hata kidogo. Kutouma huko ndiko kulikonidanganya.

Jino la asili limeshikwa na nyuzi zinazotoka kwenye ufizi na kuzama ndani ya mzizi. Kwenye skrubu ya titani nyuzi hizo hazina pa kuzama. Zinapita kandokando tu, kama kola ya shati ilivyozunguka shingo. Bakteria wakishapenya hapo, safari ya kufika kwenye mfupa ni nyepesi. Mfupa wenyewe hushika titani barabara. Mtafiti Brånemark wa Sweden aliliona hilo miaka ya 1950, alipotaka kuvichomoa vyuma alivyovipandikiza kwenye mifupa ya sungura vikagoma kutoka, na mwaka 1965 akampandikizia mgonjwa wake wa kwanza. Kwa hiyo usiulize tu kama skrubu imeshika. Uliza hali ya ufizi ulioizunguka.

Bahati yangu, uvimbe ulikuwa haujavuka ufizi. Hatua hiyo huweza kupona ukoga ukiondolewa vizuri. Mfupa ukishaanza kuliwa ni habari nyingine: ulioliwa haurudi wenyewe, na matibabu yake ni marefu.

Kilichonisaidia mimi, baada ya kusafishwa, ni vile vibrashi vidogo vya katikati ya meno. Kila usiku nakipitisha kimoja pande zote mbili za jino, mbele ya kioo, bila haraka. Mwambie daktari akuchagulie saizi. Changu cha kwanza kilikuwa chembamba mno, kilipita bila kugusa kitu. Dawa ya kusukutua haichukui nafasi yake, na ile ya klorheksidini ukiitumia muda mrefu huacha madoa ya kahawia kwenye meno (nayajua).

Omba picha ya eksirei ipigwe jino likishafungwa, uitunze. Bila picha ya mwanzo, ni vigumu kujua mfupa umeshuka kiasi gani. Kama kofia ya jino imebandikwa kwa gundi, uliza kama mabaki yake yalitolewa yote, maana gundi iliyojificha chini ya ufizi huwa maskani ya bakteria. Ukivuta sigara, ukiwa na kisukari kisichodhibitiwa, au kama meno yako ya zamani yaliondoka kwa ugonjwa wa fizi, sema kabla hujapandikizwa. Usione aibu; hatari yako iko juu zaidi na ratiba yako ya kupimwa inatakiwa iwe ya karibu.

Wiki iliyopita nimepimwa tena: tatu, tatu, tatu, nne. Hakuna damu. Hiyo nne tumekubaliana kuitazama tena baada ya miezi mitatu.