Vampaya wa magemu ya The Elder Scrolls mbona hawaeleweki?

Swali: Mhariri, kwenye Oblivion vampaya wangu akikaa siku kadhaa bila damu jua linamuunguza, ila kwenye Skyrim anazurura mchana kweupe. Tushike lipi?

Jibu: Yote mawili, ndo kichekesho chenyewe. Oblivion ya 2006 jua linakula uhai, Skyrim ya 2011 linazuia tu uhai usijirudishe, na hapo unaweza kujitetea kwamba ni koo tofauti, sawa. Ila Volkihar sasa, ule ukoo wa vampaya wa Skyrim! Kitabu kimoja humohumo ndani ya gemu kinadai wanaishi chini ya maziwa yaliyoganda, mkono unapita kwenye barafu bila kuivunja, halafu kwenye Dawnguard, nyongeza ya Skyrim ya 2012, tukawakuta wamejaa kwenye kasri, wamekaa mezani kama wako harusini. Mi nahisi aliyeandika kile kitabu alipigwa kamba tu.