Re: Leseni ya TV Uingereza, nisipolipa ni haki?
Ndugu, umesema uko Uingereza, unaangalia Netflix tu kwenye laptop na barua za kudai leseni ya TV (ile ada ya mwaka inayoiendesha BBC) haziishi. Kama ni Netflix na video za YouTube ambazo si laivu, hukwepi chochote maana hudaiwi, ingia kwenye tovuti ya TV Licensing, hao wanaokusanya ada, utangaze huihitaji leseni, na jamaa wao akigonga mlango hulazimiki kumfungulia kama hana kibali cha mahakama. Ila ukiangalia chaneli yoyote laivu, hata mechi ya Sky (TV ya kulipia), hata kwa simu, au ukifungua iPlayer, ile huduma ya BBC ya kuangalia vipindi mtandaoni, hapo lazima ulipe, faini inafika mpaka pauni 1,000.

Haki sasa? Aprili 2025 ada ilipanda ikawa pauni 174.50 kwa mwaka, mwenye jumba na anayefagia ofisi usiku wote bei moja, hiyo mi sikubaliani nayo kabisa. Lakini mtu anakesha na mechi laivu halafu anajifanya hana TV, huo ni ujanja ujanja tu bwana, na hata ile BBC Swahili tunayoisoma inakula hela hiyo hiyo. Ukiona nzito kulipa kwa mpigo, omba ukatwe kila mwezi.