Utakatifu wa ndoa hauanzi kwa kuuchukia mwili

Mume wangu ni baharia, na mke wa baharia hulala peke yake miezi mingi. Ushauri tuliouzoea kanisani kwetu ni mmoja: iue tamaa ya mwili. Mimi siukubali, na hoja za kuukataa nimezipata kwa Wayahudi.

Katika karne ya 12, Maimonides, mwanafalsafa wao mkubwa, aliunga mkono kauli ya Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki wa kale, kwamba hisi ya kugusa ni aibu kwetu wanadamu. Karne iliyofuata akajibiwa na mtu wa Kabala, yaani mafundisho ya siri ya Kiyahudi kuhusu Mungu, katika Iggeret ha-Kodesh, yaani Barua ya Utakatifu. Kwa muda mrefu barua hiyo ilihesabiwa kuwa ya rabi Nachmanides, ingawa wataalamu wengi wa leo hawakubali. Hoja yake imenyooka: viungo vyote vimeumbwa na Mungu, basi anayeviita vichafu anamtia dosari Muumba. Tendo la ndoa likifanywa inavyopasa, kwa wakati wake na kwa nia safi, ni takatifu.

Kazi iko kwenye hiyo "inavyopasa". Barua inamtaka mume aanze na maneno ya kumtuliza mkewe na kumvuta moyo. Asimwendee akiwa usingizini, asifanye haraka, wala wasikutane wakiwa na ugomvi. Kwa hiyo tamaa inayopaswa kushindwa ni ile isiyomwona mwenzako. Hiyo ni ngumu kuliko kufunga chakula, niamini.

Nyumbani kwetu tunalishika hivi: mume akirudi, kwanza tunakaa tuzungumze. Ada za watoto, misiba iliyopita akiwa hayupo, na kinyongo kama kipo, vyote tunavimaliza kabla ya kuingia chumbani. Zohar, kitabu kikuu cha Kabala, kinasema msafiri aliyeomba kabla ya kuondoka hufuatana na Shekina, uwepo wa Mungu, njia nzima. Na akifika nyumbani ni wajibu wake kumfurahisha mkewe, maana ni kwa ajili ya mke huyo alijaliwa mwenzi wa mbinguni, yaani Shekina. Mwambie mumeo hilo. Wangu alinyamaza kwa muda, kisha akaniomba nimsimulie tena.

Mishna nayo, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, ikifuata Kutoka 21:10, inapanga haki ya mke kulingana na kazi ya mume: vibarua mara mbili kwa wiki, waendesha punda mara moja, waendesha ngamia mara moja kwa siku 30, mabaharia mara moja kwa miezi 6. Na Talmudi, kitabu cha marabi kinachoijadili Mishna, inaeleza kwamba mwendesha punda akitaka kuhamia kwenye ngamia, ambako kuna pesa zaidi, mke aweza kukataa, kwa kuwa huenda akapenda kipato kidogo na mume karibu. Basi kabla mumeo hajasaini mkataba wa melini, wa lori la masafa marefu au wa Ghuba, kaeni mezani. Neno lako lina uzito.

Halafu kuna usiku wa upweke. Hapo nashika Tanya, kitabu cha rabi Shneur Zalman wa Liadi kilichochapwa 1796. Anasema mawazo ya tamaa yakikujia usihuzunike, kwani kila unapoyageuzia kisogo unatimiza amri ya Mungu ya kutofuata moyo na macho. Tena huzuni hiyo yatokana na kiburi, mtu kujiona angepaswa kuwa mwema kupita kiasi. Mimi huamka, nikamtumia mume wangu ujumbe wa sauti, nikaendelea kushona. Yakirudi, nayageuzia kisogo tena bila kujilaani.

Na wewe dada unayelazimishwa kitandani ukaambiwa ndiyo utii wa mke: Talmudi inamkataza mume waziwazi kumlazimisha mkewe. Usivumilie kwa jina la Mungu. Mwambie mtu unayemwamini, leo.