Usiwashe projekta bado

Mwalimu mmoja wa Kasulu ameandika: ana wanafunzi 70, projekta moja, na kila akionyesha saketi za umeme "wanakodoa macho kama wako kibanda cha video". Anauliza atafute programu gani nyingine. Asitafute. Abadilishe dakika kumi za mwanzo.

Programu ya PhET ya kuunda saketi inamtosha kabisa. Inatoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, haina malipo, na ukiipakua mara moja inafunguka kwenye kompyuta bila bando.

Kwanza ubao. Chora betri moja na glopu tatu zilizoungwa sambamba, yaani kila moja kwenye tawi lake, kama taa za kuvutia dagaa kwenye mtumbwi kule Kibirizi, mwaloni Kigoma. Uliza: moja ikiungua, zilizobaki zitafanyaje? A zitazimika, B zitazidi kung'aa, C zitabaki vilevile, D zitafifia. Kila mtu aandike herufi na sababu ya mstari mmoja, kwa wino. Penseli hapana, atafuta jibu lake mara akiona la yule anayeongoza darasa. Kisha waonyeshe kwa vidole, kimoja A, viwili B, mkono ukiwa kifuani ili wa nyuma asichungulie.

Hesabu kwa macho. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia Harvard, ana kipimo kizuri: waliopata wakiwa chini ya asilimia 30, rudia somo, wakizidi 70, songa mbele, katikati ya hapo, wabishane wawili wawili. Kwa darasa hili ni kati ya watu 21 na 49. Na wabishane kwa Kiswahili, hata Kiha, ingawa kipindi ni cha Kiingereza. Mtoto anayehangaika kutafuta neno hana nafasi ya kuuwaza mkondo wa umeme.

Sasa washa. Betri ya programu ina volti 9, kila glopu ukinzani wa omu 10, kwa hiyo ammita, kipimo cha mkondo, itasoma ampea 0.90 kwenye kila tawi. Gusa kiungo, mkasi utatokea, kata tawi moja: yaliyobaki bado 0.90. C imeshinda.

Wengi hufunga kompyuta hapo, na ndipo wanapoharibu. Mtoto wa mvuvi aliyejibu B huenda amewahi kuona taa zikizidi mwanga. Fungua mipangilio ya ziada, ipe betri ukinzani wa ndani, yaani kizuizi cha mkondo ndani ya betri yenyewe, wa omu 2. Glopu zikiwa tatu, kila moja inapata ampea 0.56, kata moja, mbili zilizobaki zinapanda hadi 0.64. Betri iliyochoka hupoteza volti ndani yake inapobebeshwa mzigo mkubwa. Mwache mtoto huyo awaeleze wenzake.

Usiunge waya mtupu kwenye ncha mbili za betri. Programu itaonyesha moto, na baada ya hapo darasa zima litataka moto tu.

Umeme ukikatika, betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100, ikitumika nusu tu ili isife mapema, huendesha projekta ya wati 250 kwa karibu saa mbili, hata baada ya inveta kula sehemu yake. Vipindi viwili vya dakika 40 vinaenea. Madirisha ziba kwa vitenge yale ya mbele tu. Huko nyuma wanahitaji mwanga wa kuandikia.