Mwanangu, kuhusu huo mwaka wa ugenini

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kama mwaka wa tatu uende ukasome nje, Mannheim kule Ujerumani au Milan kule Italia, au uachane na habari hiyo, umalize shahada yako ya uchumi mapema na kuanza kazi. Hesabu yako pia nimeiona: mshahara wa mwaka mzima utakaoukosa, ada, kodi ya chumba, nauli. Gharama mbadala, yaani unachokikosa kwa kuchagua jambo moja badala ya jingine, umezipanga sawasawa na ulivyofundishwa, nikacheka kidogo. Ila ada ya chuo cha kule ifute. Ukienda kwa Erasmus, mpango wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, ambao upo tangu 1987, chuo kinachokupokea hakikutozi ada.

Nenda. Lakini hiyo sababu uliyoandika, ya "kupanua mawazo", hainishawishi, na sidhani kama wewe mwenyewe inakushawishi.

Chukua kima cha chini cha mshahara. Mchoro wake unaujua: mahitaji ya wafanyakazi yanashuka, ugavi unapanda, serikali inaweka mshahara juu ya pale mistari inapokutana, ajira zinapungua. Basi, mtihani umefaulu. Ukifika Italia utakuta hakuna kima cha chini cha kitaifa kilichowekwa na sheria. Mishahara hupangwa na vyama vya wafanyakazi na waajiri, sekta kwa sekta. Ujerumani nayo ilikuwa hivyo hadi Januari 2015, sheria ilipoweka euro 8.50 kwa saa. Kuna wachumi wa huko walioonya kwamba ajira nyingi zingepotea. Tafiti zilizofuata hazikuona upotevu mkubwa. Sasa kaa darasani na mwenzako aliyekulia katika nyumba inayoishi kwa mkataba wa sekta. Atakuuliza bei ya kazi inapangwa na soko au na watu waliokaa mezani kubishana, na mchoro wako hautakuwa na jibu la haraka. Hilo ndilo ninalotaka likukute ungali mwanafunzi, kabla hujaajiriwa kuandika ripoti ambazo watu wengine watazifuata.

Hata mfumuko wa bei hausomwi kwa sauti moja kila mahali. Novemba 1923 dola moja ya Marekani ilifikia marki trilioni 4.2 za Ujerumani, na Mjerumani akitetea benki kuu isiyoingiliwa na wanasiasa, kumbukumbu hiyo haiko mbali naye.

Haya, tuje kwenye fomu ya kozi utakazosoma huko. Miaka yote hii niliyokaa idara ya uchumi nikisaini karatasi za wanaoondoka, anayenitia wasiwasi ni yule anayerudi mwaka wa nne bila ekonometriki, yaani takwimu za kupima mambo ya uchumi kwa data. Anakuja na picha nzuri na alama nzuri za masomo mepesi, halafu tasnifu inamshinda kwa sababu data anayo na hajui aifanyie nini. Kwa mfumo wa Ulaya mwaka mzima ni krediti 60, na ni rahisi mno kuzijaza kwa kozi zisizokudai chochote.

Jina la kozi lisikudanganye. Kuna "Ekonometriki ya Kwanza" inayoishia kwenye regresheni ya kawaida, ile ya kupima jambo moja linavyobadilika na jingine, na kuna inayoanza wiki ya kwanza kwa aljebra ya matriki, hesabu za majedwali ya namba, kana kwamba ulizaliwa nayo. Soma muhtasari wa wiki kwa wiki, uone na kitabu wanachotumia. Na kozi ikibadilishwa baada ya kufika, jambo linalotokea sana, pata kibali cha idara yako kwa maandishi kabla hujaingia darasani. Kibali cha mdomo hakitambuliwi na ofisi ya mitihani.

Alama nazo ni kizungumkuti. Ujerumani 1.0 ndiyo ya juu kabisa na 5.0 ni kufeli. Italia unafaulu kwa 18 kati ya 30. Uliza mapema chuo chako kinazigeuza vipi, na mwaka huo una uzito gani katika daraja la shahada. Vyuo vingine hutaka uufaulu tu, alama zake hazihesabiwi.

Italia pia mitihani ya mdomo ni jambo la kawaida. Mbele yako profesa na karatasi tupu. Unachora mstari wa IS, ule unaohusisha riba na pato la nchi, anakuuliza kwa nini unashuka kuelekea kulia. Itabidi useme riba ikipanda uwekezaji hupungua na pato nalo hushuka, na useme bila kusitasita. Binafsi naupenda mtihani wa namna hiyo kuliko wa kuchagua jibu, ingawa najua wewe tumbo litakuuma.

Mannheim ina faida moja ya kalenda: muhula wa vuli huanza Septemba, wakati vyuo vingi vya Ujerumani huanza Oktoba na kuchelewa kumaliza mitihani. Wasiwasi wangu wa muhula kugongana na wa kwenu unapungua hapo.

Lugha je? Ekonometriki isome kwa lugha unayoimudu kabisa. Historia ya uchumi, au sera ya kazi, ndiyo ujitupe nayo kwenye lugha ya wenyeji, hata ukiambulia alama ya kawaida.

Nitumie muhtasari wa ekonometriki wa vyuo vyote viwili kabla hujasaini. Nikiona Milan wanaanzia pale ulipoishia, na Mannheim wanarudia ulichokwisha soma, nitakwambia Milan, kalenda au si kalenda.

Mama yako