Nasinzia nikiwa nimepiga magoti

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nauza mitumba Gikomba na naishi Kayole na watoto wangu wawili. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, narudi saa mbili usiku, napika, natazama kazi zao za shule. Nikipiga magoti kuomba, nashtuka saa saba usiku uso ukiwa kwenye godoro. Jumapili nafua. Zamani niliimba kwaya na kufunga kila Ijumaa. Sasa sijui kama Mungu ameniacha au mimi ndiye niliyemwacha.
Mama wa Wawili, Kayole

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, maana godoro hilo nalijua. Nilipika katika shule moja ya bweni hapa Nairobi kwa miaka 11, na moto niliuwasha saa tisa usiku. Nilijilaumu kama wewe, hadi nilipoanza kuomba nikichagua maharagwe ya githeri. Kila konzi niliyoitoa mawe nilitaja jina moja: mwanangu, mama yangu mgonjwa kijijini, msichana wa kidato cha pili aliyekuwa akikataa kula. Mara nyingi sikuwa na maneno zaidi ya "Bwana, mwone." Debe likiisha, nilikuwa nimewaombea watu wengi kuliko nilivyowahi kuwaombea kanisani.

Soma Nehemia sura ya pili. Alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta, yuko kazini, ameshampa mfalme divai. Mfalme akamuuliza anataka nini. Kabla hajajibu, akamwomba Mungu pale pale, mfalme akimsubiri. Ombi lile lilikuwa la pumzi moja. Lakini rudi sura ya kwanza: tangu mwezi wa Kisleu alikuwa akilia, akifunga na kuomba, na mfalme alimuuliza mwezi wa Nisani, miezi minne hivi baadaye. Pumzi ile ilikuwa na mizizi. Ndiyo maana siwezi kukuambia kwamba sala za njiani zinatosha peke yake.

Basi Jumapili, mwanangu, irudishe. Hapo nakaza. Nenda ibada ya kwanza, hata ukikaa benchi la nyuma na kanga ya jana. Nguo zitafuliwa mchana, na watoto wakusaidie kusuuza.

Siku nyingine, anzia mikononi. Ukifungua robota, kila nguo unayoikung'uta na kuitundika mshukuru Mungu kwa jambo moja, au mwombee atakayeivaa. Kwenye matatu, toka Donholm hadi City Stadium, rudia mstari mmoja wa Zaburi ulioukariri siku zako za kwaya. Muziki ukipigwa kwa nguvu, urudie moyoni. Usifumbe macho, unajua simu zinavyonyakuliwa dirishani. Mteja akikutukana kwa ajili ya shilingi hamsini, vuta pumzi kama Nehemia kabla ya kumjibu.

Kuhusu kufunga, usikimbilie. Unasimama kutwa na unanyanyua mizigo, kula ushibe.

Na usiku, usingoje watoto walale. Omba nao ugali ukiiva, mwiko mkononi, kila mmoja aseme lake. Ukipiga magoti baadaye na usingizi ukakuchukua, ukishtuka saa saba usianze upya. Panda kitandani, jifunike.