Buruji hupigwa, kinachopulizwa ni uji

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu yuko darasa la sita hapa Tabora Mjini. Aliandika insha kuhusu maisha ya kambini, na ndani yake kuna sentensi hii: "Kila alfajiri mpiga buruji hupiga buruji ili askari waweze kuamka." Mwalimu wake amekata "mpiga" na "hupiga" kwa wino mwekundu, akaandika "mpulizaji" na "hupuliza", na pembeni: "Kinachopigwa ni ngoma." Juu ya "buruji" ameweka alama ya kuuliza. Je, buruji ni Kiswahili? Na nani yuko sahihi? (Mama wa mwanafunzi, Ng'ambo, Tabora)

JIBU: Marahaba, mama. Buruji ni Kiswahili, mwanao yuko sahihi kwenye "hupiga", na kalamu nyekundu imepotea njia. Jibu limekwisha. Ila umenichokoza pabaya: hiyo "puliza" ya kusahihishia watu imeota kila mahali kama magugu ya masika, na leo acha niing'oe.

Nimalizane kwanza na buruji, maana halina kesi ndefu. Ni tarumbeta fupi la jeshini, la shaba, lisilo na vali (vile vitufe vya kubadilishia sauti) hata moja. Asili yake ni Kituruki: boru ni bomba au pembe ya kupigwa, na mwenye kazi ya kuipiga ni borucu. Wamisri wakalitamka kwa namna yao, nasi likatufikia kwa Kiarabu cha jeshini, njia ileile iliyotuletea "afande". Kwa hiyo neno lilitoka kwao likiwa mtu, likafika kwetu likiwa chombo. Mpenda ugomvi anaweza kudai kuwa "mpiga buruji" ni mpiga wa mpiga pembe. Mwacheni adai. Lipo pia buruji la nyota, ambalo wasomaji wa Kurani wanalijua kwa Sura ya 85; hilo ni Kiarabu kitupu na halina udugu na la kambini. Mimi husema buruji hili, maburuji haya, kama tarumbeta. Ukisema "buruji hii" sitakupeleka mahabusu.

Wala usikubali mtu akubadilishie buruji kwa baragumu. Baragumu ni pembe ya mnyama, na tundu la kutilia mdomo liko ubavuni. Tabora mnalijua vizuri kuliko wengi: wapagazi wa Kinyamwezi walipokuwa wakishuka Bagamoyo na pembe za ndovu, ilikuwa pembe ya tandala inayowaambia wajitwike mizigo waondoke, kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, akiwa mbele. Kazi ni ileile ya buruji, kuamrisha mamia ya watu kwa pumzi ya mtu mmoja, ila chombo ni kingine. Parapanda tumwachie malaika.

Sasa tuje kwenye "puliza".

Hoja ya wino mwekundu ni kwamba kupiga ni kugonga, na buruji haligongwi. Hoja hii huvutia kwa sababu ni rahisi, nayo huanguka mara tu unapoitembeza kambini. Askari hupiga kambi, amegonga nini? Hupiga kwata, hupiga doria, hupiga saluti. Kwa mantiki ya mwalimu wetu, kuruta hatapiga saluti tena. "Atainua kiganja hadi penye nyusi na kukishusha", na wakati sentensi inaisha afande ameshapita zamani. Toka kambini uende nyumbani: watu hupiga mswaki, hupiga magoti, hupiga chafya, hupiga miayo, hupiga hodi. Hakuna aliyeumia. Katika matumizi haya "piga" ni kitenzi mchukuzi, na mzigo wa maana uko kwenye nomino inayofuata. Ukiambiwa "amepiga", hujui lolote mpaka usikie amepiga nini.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni mluzi, na samahani, sitauacha upesi. Mluzi hauna chombo. Hauna mti, chuma wala ngozi. Ni midomo iliyokunjwa na pumzi inayopita katikati, basi. Kama kuna sauti duniani inayostahili "kupulizwa", ni hiyo. Na bado kuanzia Ujiji hadi Unguja watu hupiga mluzi. Mchunga ng'ombe wa Nzega hupiga mluzi. Mtoto akipiga mluzi usiku bibi yake humwambia aache kupiga mluzi, asiite nyoka. Hamwambii aache kupuliza mluzi. Mwalimu wetu mwenyewe, akisikia mluzi darasani, atageuka na kufoka, "Nani kapiga mluzi?" Hapo hatakumbuka ngoma. Kama mluzi usio na chombo hupigwa, kwa nini buruji la shaba tupu libebe aibu?

Lakini kinachonikera zaidi ni kwamba hata kwa mantiki ya wasahihishaji, "puliza" haielezi kinachotokea. Mpe buruji mtu ambaye hajawahi kulishika, umwambie apulize. Atavimbisha mashavu, atatoa macho, na upande wa pili utatoka upepo. Upepo tu, kama wa kiriba kilichotoboka. Bomba la buruji, ukilinyoosha, lina urefu unaozidi mita 1.3, na pumzi ikipita humo bila kutetema haina la kusema. Sauti huanzia kwenye midomo. Unaifunga, unabana pembe zake, halafu unasukuma pumzi kidogo kama mtu anayetema uzi ulionasa kwenye ncha ya ulimi. Midomo inatetema, inatoa mvumo kama wa nyuki, kinywa cha buruji kinaupokea mvumo huo na bomba linaukuza. Wapigaji wanaoanza hufundishwa kuvumisha midomo mitupu kabla ya kugusa chombo.

Na kwa kuwa hakuna vali, midomo ndiyo inayochagua sauti. Ilegeze, unapata do ya chini. Ikaze kidogo kidogo, zinafuata so, do, mi, na so ya juu. Basi. Sauti tano ndizo zinazotumika. Mwanakwaya yeyote ataona mara moja kuwa re, fa, la na ti hazimo, ndiyo maana buruji haliwezi kupiga wimbo wa taifa hata mpigaji awe fundi wa namna gani. Hiyo ni kazi ya tarumbeta lenye vali tatu.

Makosa ya anayeanza yanajulikana. Kubwa ni kukandamiza chombo midomoni ili kuifikia so ya juu: damu haipiti, midomo inakufa ganzi, na baada ya dakika chache hata do inamkimbia. La pili ni mashavu yaliyovimba, yanayoiba mbano wa midomo. La tatu ni baridi. Julai alfajiri, kipupwe cha Tabora kikiwa kimeshika, shaba baridi hushusha sauti na midomo baridi huivunja noti ya kwanza mbele ya kikosi kizima. Mwenye akili hupitisha pumzi ya moto ndani ya bomba kimyakimya kwanza (hapo ndipo anapopuliza, na ndipo buruji halilii!). Akisikia sauti inagugumia, ajue mvuke wa pumzi umegeuka maji ndani, aliinamishe, ayakung'ute.

Kuna sababu nyingine ya kubaki na "piga", na hii ni ya sarufi. Kambini kinachopigwa ni buruji na pia mwito wenyewe. Katika utaratibu wa Kiingereza, ambao King's African Rifles, jeshi la mkoloni Mwingereza Afrika Mashariki, waliuishi na kuuacha huku kwetu, kila tendo la siku lilikuwa na mwito wake: wa kuamka, wa kujipanga, wa chakula, wa wagonjwa kwenda kuonwa na daktari, wa wenye adhabu kujisalimisha, wa bendera kushushwa machweo, wa kuzima taa. Vikosi viwili vikikaa kambi moja, mpigaji hutanguliza mwito mfupi wa kikosi chake, ili wasiohusika waendelee kulala. Kwa sauti tano tu, miito hii hutofautishwa kwa mwendo na mpangilio, nao askari huikariri kwa kuitungia maneno, mengi ya hayo hayachapishiki hapa. Sasa jaribu: "Buruji la chakula limepigwa." Safi, watu wachukue sahani. "Buruji la chakula limepulizwa." Hapo mimi naona mtu anapoza ugali.

Maana puliza ina kazi zake, na inazifanya vizuri. Tunapuliza uji wa moto, tunapuliza makaa, tunapuliza puto. Mrina asali wa Sikonge hupuliza moshi mzingani. Na kwenye kipenga sina ugomvi: refa akipuliza kipenga, pumzi yenyewe inafanya kazi yote, midomo haitetemi. Hata "puliza tarumbeta" nimeisikia kwa wazee wenye Kiswahili kilichonyooka, na sikuwakata wino. Anayetaka kupuliza apulize. Nisichovumilia ni kumnyang'anya mtoto alama kwa sababu amesema kama mama yake.

Kwa kuwa mwanao anapenda habari za kambini, mpe na hili kabla hajakutana na tafsiri za magazetini. Siku ya Mashujaa, Julai 25, utasikia mwito uitwao Last Post, na kuna waliokwisha kuuita "posta ya mwisho", kana kwamba marehemu amekosa barua. Post hapa ni lindo. Ofisa alizunguka usiku kukagua walinzi. Mwito wa kwanza ulipigwa anapoanza, na wa mwisho alipomaliza lindo la mwisho, kawaida saa 4 usiku. Kambi imefungwa, lala. Baadaye ukapelekwa makaburini. "Lindo la mwisho" ni Kiswahili kizuri na lina uchungu wake, lakini sijasikia mshereheshaji akilitumia. Baada ya ukimya hupigwa mwito wa kuamka, ambao hutangazwa kwa jina la Reveille. Jina hilo ni Kifaransa, "amkeni", na katika desturi ya Kiingereza mara nyingi kinachopigwa hapo ni mwito mwingine mfupi zaidi, Rouse. Mshereheshaji husema hivi, buruji husema vile, na hadhira husimama vilevile.

Nikirudi kwenye daftari: mwalimu arudishe "mpiga" na "hupiga" mahali pake, na aifute alama ya kuuliza. Lakini asiiweke kalamu chini bado, maana kosa la sentensi ile limepita mbele yake salama usalimini. "Ili askari waweze kuamka." Waweze? Kwani walikuwa wamefungwa kamba? Buruji haliwawezeshi askari kuamka, linawaamuru. "Ili askari waamke." Hapo akate nusu alama, kwa wino wowote anaopenda.